Kwa Mkunga: Sabuni, siki na shabu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za usafi wa huku chini, yaani ukeni. Nimechagua zinazowasemea wengi, nikazifupisha na kuondoa majina kama kawaida yetu. Nitaita vitu kwa majina yake. Mtu aliyekaa leba na kliniki ya wajawazito mpaka akastaafu hawezi kuanza leo kusema "kule" na "pale" huku mwenzake anaumia.

Shikamoo Bi Mkunga. Nina miaka 26, nimeolewa, naishi Tandika. Nilipowekwa ndani, kungwi wangu alinifundisha kuingiza kidole chenye sabuni na kuzungusha mpaka ndani pakwaruze, pasiteleze. Nafanya hivyo asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana natokwa na majimaji ya kijivujivu yenye shombo, na baada ya tendo la ndoa ndiyo inazidi. Nimeongeza ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ukiitia kwenye maji. Harufu inakata siku moja, ya pili imerudi. Naona aibu hata kukaa karibu na mawifi.

Marahaba mwanangu. Hiyo dawa ya kugeuka nyeupe iache leo hii, ibaki ya vidonda na sakafu. Halafu tuzungumze hilo la kukwaruza, kwa sababu ndilo lililonishtua kwenye barua yako. Uke mzima unateleza. Ukikwaruza, ujue umeshaukomba.

Ukeni mwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa wanaishi bakteria wanaoitwa laktobasili. Daktari mmoja wa uzazi wa Kijerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892, na tangu hapo hakuna kiwanda kilichotengeneza sabuni ya kuwashinda kazi. Homoni ya estrojeni inazifanya kuta za uke ziweke akiba ya sukari. Sukari hiyo inageuzwa na laktobasili kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo inauweka uke kwenye pH ya kati ya 3.8 na 4.5. Ni uchachu ambao vijidudu vingi vya maradhi haviuwezi. Sasa sabuni ya kuogea ina pH ya 9 mpaka 10. Kidole chako kinaingia nayo mara mbili kwa siku, kinauzima uchachu na kuuondoa ute wanamokaa hao bakteria wema. Nafasi ikibaki wazi wanazaliana wengine, wale wasiohitaji hewa, nao ndio wanaotoa shombo. Shahawa nazo zina pH ya juu kuliko ya uke, ndiyo maana baada ya tendo harufu inapanda mpaka unataka kujificha.

Kwa hiyo umekuwa ukiosha, harufu inakuja, unaosha zaidi, harufu inazidi. Unachoelezea kinafanana sana na ugonjwa uitwao vajinosisi ya bakteria. Hauna uhusiano na uvivu wa kuoga. Wanaojiosha ndani wanaupata zaidi kuliko wasiojiosha, na hilo nililiona kliniki hata kabla sijalisoma.

Nenda kituo cha afya, mwambie mhudumu unataka kupimwa majimaji ya ukeni, usipewe dawa kwa kusimulia tu dirishani. Wakikuta ndio wenyewe, dawa ya kawaida ni metronidazoli, ile mnayoiita flajili, kwa siku 7. Siku ya tatu harufu itakata na utatamani kuacha, kwa sababu mdomo unakuwa na ladha ya chuma na chakula hakiliki. Maliza. Pombe weka kando mpaka umalize. Na hata ukimaliza vizuri, zaidi ya nusu ya wanawake hurudiwa ndani ya mwaka, kwa hiyo ukirudi usijione una mkosi. Hapo mchukue na mumeo. Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Australia kwa wanandoa na wapenzi jozi 164. Wanaume wa kundi moja walipewa metronidazoli ya kumeza na krimu ya klindamisini ya kupaka uumeni kwa siku 7. Ndani ya wiki 12, ugonjwa uliwarudia asilimia 35 ya wanawake ambao wanaume wao walitibiwa, na asilimia 63 ya wale waliotibiwa peke yao. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtajie daktari wako.

Na kuosha ni hivi. Kata kucha. Chuchumaa, kopo la maji safi mkono wa kulia, mwaga kutoka mbele kwenda nyuma. Pitisha vidole kwenye mikunjo iliyopo kati ya mashavu makubwa na madogo ya uke, na kuzunguka kisimi, maana ndiko kunakoganda ule utando mweupe, na maji matupu yanautosha. Ukipenda sabuni, iwe isiyo na manukato, iishie kwenye kinena, mapajani na nyuma, na nyuma paoshwe mwisho. Jikaushe kwa kukandamiza na kitambaa chako mwenyewe, usisugue. Mara moja au mbili kwa siku, basi. Tundu la uke usilivuke, hata kwa maji.

Simtukani kungwi wako. Mimi mtu wa Pangani, na mimi nimefundwa. Kutawaza kwa maji, kuanzia mbele, kutochangia kitambaa na mtu, yote hayo ni mafundisho ya makungwi na hospitali haina la kuongeza. La kidole tu ndilo uliache, na ukipewa mwari wa kumfunda, usimrithishe.

Assalamu alaykum. Mama mkwe wangu anasema bila maji kufika ndani twahara ya hedhi haisihi, na wewe unatukataza. Nimshike nani? Msomaji, Wete.

Waalaykumu salaam. Fikihi si fani yangu, lakini hili liko wazi kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani: mwanamke katika josho lake anatakiwa kuosha kile kinachoonekana anapochuchumaa kujisaidia. Kilichojificha ndani hakimo. Ndipo hapo hapo ninapoishia mimi. Mwombe ustadhi wako amweleze mama mkwe, usimweleze wewe, mtagombana bure.

Shikamoo mama. Niko Likoni. Mwaka huu nilienda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi na muuguzi akanipaka siki. Niliiona chupa na harufu ni ile ile ya kachumbari. Nikasema, kama hospitali wanatumia, basi ni salama. Tangu hapo natia vijiko viwili kwenye beseni la maji, nakalia kila jioni. Sasa nikikojoa pananiwaka. Nipunguze iwe kijiko kimoja?

Marahaba. Usipunguze, mwaga.

Macho yako hayakukudanganya lakini. Ulichopakwa ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 mpaka 5, na ndiyo asidi iliyomo kwenye siki. Muuguzi aliipaka kwa pamba kwenye mlango wa kizazi peke yake, akasubiri dakika moja hivi, akamulika taa. Seli zilizoanza kubadilika kuelekea saratani zinageuka nyeupe zikiguswa na asidi hiyo, na lile doa jeupe ndilo alilokuwa analitafuta. Asipoliona, umepona maswali mpaka tarehe nyingine. Ni kipimo tu, hakikuoshi na hakikukingi na kitu.

Kuwaka ni mkojo unaopita kwenye ngozi iliyochubuka. Tumia maji matupu, na wakati wa kukojoa jimwagie maji hapo hapo ili mkojo usiume. Siku chache ngozi itajirudi. Isipojirudi, au ukipata homa, au ukawa unakwenda haja ndogo kila mara na kutoa matone, nenda ukapimwe mkojo.

Kwenda kupima umefanya jambo ambalo shoga zako wengi wanalikwepa mwaka baada ya mwaka. Walete wawili watatu. Waambie tu siki ibaki hospitali na jikoni.

Bi Mkunga, mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, anakaa njiani wiki mbili, tatu. Nimezaa watoto watatu. Jirani aliniuzia shabu, nikawa nasaga, nachanganya na ndimu, naweka siku anayorudi. Baadaye nikanunua kwa muuzaji wa WhatsApp vifuko vidogo vya dawa vya kukaa ndani siku tatu, "vinatoa uchafu wote na kurudisha usichana". Nilipovitoa vilitoka na vipande vyeupe vyeupe. Tukikutana tunaumia wote wawili, na mara ya mwisho nilitokwa damu. Ila nikiacha naogopa atanikimbia. Mama watatu, Mlandizi.

Mama watatu, pole. Vile vipande vyeupe navijua. Muuzaji huwa anaomba mumpigie picha, kisha anawaonyesha wateja wapya: tazameni uchafu wa miaka kumi. Ni utando wa uke wako mwenyewe, umeunguzwa na dawa ukabanduka. Ulilipia hela ukauzwa ngozi yako.

Shabu wengi wetu tumeikuta nyumbani. Ni chumvi ya alumini. Inatiwa kwenye pipa la maji ya mto tope likae chini, na kinyozi anaipitisha kwenye kidevu kilichokatwa ili damu igande. Kazi yake ni kukunja na kukausha kila inachokigusa. Ukeni unapata hisia ya kubana kwa sababu ute umekauka na ngozi imevimba. Msuli haujakaza hata chembe. Halafu unaingia kwenye tendo ukiwa mkavu, ngozi inachanika vidonda vidogo usivyoviona, na ndimu imekwishapita hapo kabla.

Sasa nisome na wewe takwimu moja. Mwaka 2011 jarida la PLoS Medicine lilikusanya tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara zenye wanawake karibu 15,000. Wanaoweka vitu vya kukausha au kubana uke walikuwa na hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 31. Wanaojifuta ndani kwa kitambaa au karatasi, asilimia 47. Wanaojiosha ndani kwa sabuni, asilimia 24. Simsemi mumeo, simjui. Nasema kwamba ngozi iliyochanika inafungua mlango kwa lolote litakalokuja, liwe lake au lako.

Kwa hiyo, kwa mpangilio wa haraka wake: damu baada ya tendo haiachwi. Nenda ukaangaliwe mlango wa kizazi na upimwe magonjwa ya zinaa. Akirudi, mpime virusi pamoja. Madereva wamezoea vipimo vya barabarani, mara nyingi ni wake zao wanaoogopa. Usiweke kitu ukeni na msikutane mpaka maumivu yaishe kabisa.

Baada ya hapo, kama ni kubana, kubana kwenyewe kupo na hakuuzwi. Kaa kwenye kiti, legeza tumbo na mapaja. Kaza kana kwamba unazuia ushuzi mbele ya wakwe. Hesabu hadi tano bila kuacha kupumua, legeza, hesabu tena hadi tano. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya ukiwa unachambua mchele na hakuna atakayejua. Usizoee kuifanya huku unakojoa, kibofu kinabaki na mkojo. Ndani ya miezi mitatu utajua tofauti, na hata ule mkojo unaoponyoka ukicheka utapungua. Waliozaa watoto watatu ndio hasa wanaohitaji.

Na unyevu ni dalili kwamba mwili umekubali. Waume wengine wamefundishwa na wenzao vijiweni kuwa mwanamke mwenye maji "amechoka". Huyo wako mwambie anayeumia ukavu huo ni yeye pia, maana umeandika mwenyewe kwamba mnaumia wote. Mwombe muda kabla ya kuanza. Pakiwa pakavu bado, duka la dawa kuna vilainishi vya maji. Mafuta ya nazi na ya mgando yanaharibu mpira wa kondomu.

Hilo la kukimbiwa sina dawa yake. Muuzaji wa WhatsApp naye hana, angekuwa nayo asingeiuza elfu kumi na tano.

Dada, mimi mwanafunzi wa chuo Dodoma, nina UTI sugu. Nimetumia sipro, nimetumia vile vidonge vitatu vya siku tatu, nimechomwa na sindano. Kila nikipima naambiwa UTI bado ipo. Vyoo vya hosteli tunachangia wengi na ni vichafu. Nimwage dawa gani kabla ya kukaa? Siku hizi pia nawashwa sana.

Kuniita dada umenipunguzia miaka, asante. Swali langu kwako ni moja: huo mkojo wa kupima uliutoaje?

Nakisia. Ulipewa kikopo, ukaingia chooni mbio, ukakinga ule wa kwanza kabisa. Mkojo wa kwanza unatoka umebeba ute wa uke, na ute huo una seli nyeupe na bakteria zake za kawaida. Mpimaji anaviona kwenye hadubini, anaandika "seli za usaha", na wewe unatoka na mfuko wa dawa za ugonjwa ambao pengine huna. Dawa hizo haziulizi bakteria yupi mbaya yupi mwema. Zinawaua na laktobasili, fangasi wanapata uwanja, unaanza kuwashwa, unarudi kupima, unakinga mkojo wa kwanza tena. Nimewaona wasichana wa chuo wakizunguka hivyo mpaka muhula unaisha.

Safari hii jioshe nje kwa maji matupu. Tenga mashavu kwa vidole viwili na usiviachie. Mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati kinga, wa mwisho uende chooni. Kipeleke kikopo maabara hapo hapo, usikae nacho kantini. Kisha omba wakuoteshee mkojo. Majibu ya kuotesha yanachukua siku mbili, tatu, na yanasema ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Kwa mtu aliyekwishakula dawa zote ulizotaja, kupewa nyingine bila kuotesha ni kubahatisha. Na hizo sindano usikubali tena bila jibu hilo.

Choo hakikupi UTI. Bakteria wengi wa UTI wanatoka kwenye utumbo wa mwenyewe na kusafiri kutoka nyuma kwenda mbele, na njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, safari fupi. Choo kichafu kitakupa kuhara, na kitakufanya ubane mkojo tangu asubuhi mpaka urudi chumbani. Huko kubana ndiko kunakowapa bakteria muda. Kojoa unapohisi, kunywa maji, kojoa baada ya tendo kama unalifanya, jifute na kujiosha kuelekea nyuma. Dawa ya kumwaga chooni iache kwa wanaosafisha choo.

UTI ya kibofu inakuja na kuchoma wakati wa kukojoa, kwenda kila dakika na maumivu chini ya kitovu. Muwasho na majimaji mazito ni mambo ya ukeni, yana kipimo chake. Ukipata homa kali na maumivu ya ubavuni, kutapika, usisubiri majibu ya kuotesha. Nenda siku hiyo hiyo, figo limeingiliwa.

Mama, nina mimba ya miezi sita. Nawashwa mpaka silali, natokwa na uchafu mweupe wa mabongemabonge. Duka la dawa wamenipa kidonge kimoja cha kumeza, nimeogopa sijakimeza. Shoga yangu anasema niweke kitunguu saumu kilichofungwa uzi. Mbeya.

Umeogopa vizuri. Kidonge kimoja cha fangasi huwa ni flukonazoli, na mjamzito hapewi hicho juu juu dukani. Kitunguu saumu kinaunguza. Wewe umekwishachubuka kwa kujikuna, utalia.

Mimba inapandisha estrojeni, sukari ya kwenye kuta za uke inaongezeka, fangasi wanafurahi. Wanawake watatu kati ya wanne wanapata fangasi angalau mara moja maishani, kwa hiyo usianze kumtafuta aliyekuletea. Siku yako ya kliniki isogeze mbele, mwonyeshe mkunga. Dawa salama kwako ni vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, kwa kawaida usiku 7. Nawa mikono, weka kwa kidole ukiwa umelala, usisukume kwa nguvu na kile kijiti chake. Asubuhi utaona unga mweupe kwenye chupi, ndiyo dawa yenyewe. Waombe pia wakupime sukari kwenye damu, hasa kama hii ni mara ya pili au ya tatu kwa mimba hii.

Na chupi. Kwetu chupi ya mwanamke haianikwi uani, inaanikwa nyuma ya mlango wa bafu, juu yake kanga, isionwe na mtu. Mbeya na baridi yenu hiyo inakaa mbichi siku mbili na unaivaa ikiwa na unyevu. Anika nje, ikaushwe na jua. Ukiona haya, tandaza kanga nyepesi juu yake, jua litapita. Mvua ikizidi, ipige pasi. Iwe ya pamba, na usiku lala bila chupi, mumeo hatalalamika.

Maji yakikutoka mengi ya ghafla, au damu, hilo si la fangasi. Leba moja kwa moja.

Binti yangu ana miaka 11, hajavunja ungo. Naona ute mweupe kwenye chupi yake. Nimemkalisha nikamuuliza kama kuna mtu amemchezea, akalia tu. Je, nimpeleke kwa nani? Mama, Morogoro.

Mpeleke sebuleni, umkumbatie. Miezi sita mpaka mwaka kabla ya hedhi ya kwanza, estrojeni inaanza kazi na ute mweupe au wa maji maji usio na harufu wala muwasho unatokea. Mwili wake unakwenda sawa. Mweleze hivyo kwa maneno yale yale, mwonyeshe pedi inavyowekwa, mwambie hubadilishwa kila baada ya saa nne mpaka sita hata kama haijajaa. Muwekee moja kwenye begi la shule pamoja na chupi ya akiba na mfuko mweusi.

Swali lako kwake halikuwa baya, mama anatakiwa kuuliza. Ila liulizwe siku nyingine, taratibu, mkiwa mnapika, na asikie kuwa hata jibu liwe lipi hatapigwa. Ute ukiwa na harufu mbaya, damu, au akiumia akikojoa, mpeleke hospitali. Na kwa umri wake ana haki ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi: Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018 kwa wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Uliza shuleni kwake au kituo cha afya.

Mwenzangu, mimi bibi wa miaka 61, Korogwe. Hedhi imekata zamani. Pakavu, panawasha, na wiki iliyopita niliona damu kidogo. Wajukuu wananiambia ninywe mlonge.

Mwenzangu, mlonge kunywa ukiupenda. Damu hiyo lakini, hata tone, ikija baada ya mwaka mzima bila hedhi, inapelekwa hospitali wiki hii. Mara nyingi inakutwa ni ngozi iliyokonda kwa kukosa estrojeni, na inatibika kwa krimu ya kupaka. Mara nyingine inakutwa ni saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake, na tofauti ya kuiwahi na kuichelewa ni kubwa mno. Chukua mjukuu mmoja akusindikize. Ukavu utazungumza na daktari huko huko; sabuni huko chini acha kabisa, ngozi ya umri wetu haiiwezi.

Mkunga, mimi mwanaume. Mke wangu ananuka na sijui nimwambieje bila kumuumiza. Buguruni.

Usimwambie ananuka. Mwambie umesoma kuwa kuna ugonjwa wa ukeni ambao wanaume nao wanatibiwa, na unataka mkapime wote wawili. Soma barua ya kwanza hapo juu, iko yote. Chagua siku usiyokuwa na zamu, nauli ya wawili weka mfukoni, na foleni ya wanawake itakapokutazama kwa mshangao, kaa hapo hapo karibu yake.